Mafuta Yasiyoona Moto

12 Januari 1986
Miezi minne na siku kumi tangu niondoke

Kidoti, mke wangu,

Mimi mzima, ila mgongo unanikumbusha umri wangu kila ninapoinama. Hapa maabara kazi ni ile ile: kubeba magunia ya mbegu kutoka stoo, kuzitwanga, kuosha chupa, kufagia. Chupa ndizo zinazoninyima raha. Ni nyembamba kama ganda la yai. Wiki iliyopita mwenzangu wa zamu alipasua moja iliyokuwa na asidi, na kidole chake sasa kimefungwa vitambaa kama mtoto mchanga. Mimi naziosha huku nimebana pumzi.

Habari kubwa ni hii. Zile mbegu ulizonitumia mwezi wa kumi na moja, za mti wetu wa uani, ule ambao ukitoa maua unanuka hadi majirani wanatuangalia vibaya, zimepimwa. Bibi Mizani, yule mtaalamu niliyekwambia kwamba hupima hata chumvi ya kuweka kwenye chakula chake, alikuwa na nafasi Ijumaa mchana nikamwomba. Nilizitwanga mwenyewe. Zilinukia kama jiko la mama. Nikasimama na mchi mkononi, nyumbani kukanijia kote kwa mara moja.

Inavyokwenda ni hivi. Mafuta yanakamuliwa, yanapikwa na dawa, kisha tone dogo kuliko kichwa cha sindano linaingizwa kwenye mashine. Ndani kuna bomba limejikunja kama nyoka aliyeshiba. Asidi zilizomo kwenye mafuta hupita humo, kila moja kwa mwendo wake, na kila inayotoka, kalamu inaichorea kilima chake kwenye karatasi. Niliposikia neno asidi nilisogea mbali na mashine. Nilidhani miaka yote tumekula kitu kilichomla mwenzangu kidole. Bibi Mizani akacheka. "Hata mafuta ya dukani yana asidi zake, Mrefu. Swali ni zipi, na kiasi gani."

Yetu yalichora vilima vinne vizuri na kichuguu kidogo pembeni. Alikitazama kile kichuguu kwa muda, akaniuliza hili na lile, kisha akasema basi, mafuta haya hayapishani sana na yale mazuri ya dukani. Tena nilimsikia akisema mafuta yakikamuliwa bila moto hubaki na nguvu zake zote. Kwa hiyo acheni kukaanga mbegu. Twangeni mbichi, azimeni kile kikamulio cha mkono cha seremala, na wewe unywe kijiko kila asubuhi. Tangu mimba ya pili itoke mwili wako haujarudi ulivyokuwa, na mimi nikiwa huku sina kingine cha kukupa. Mashudu yanayobaki wape kuku.

Mwambie mama asibishe. Safari hii imesema mashine.

Mumeo,
Mrefu


2 Februari 1986

Mrefu wangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti ili mama yako asikie. Nilipofika pale pa kutokukaanga alitema mate pembeni. "Mafuta yasiyoona moto ni ya kupaka bawaba za mlango," akasema. "Mashine hiyo ilizaliwa lini?" Nikamwambia, mama, aliyeandika ni mwanao. Akasema mwanangu huyo huyo aliyeacha shule kwa kuogopa hesabu za kugawanya?

Basi tumegawana jikoni. Yeye anapikia kichupa chake cha dukani, mimi nakunywa kijiko changu kila asubuhi na mengine namwagia chakula kikiwa sahanini. Yana ladha ya ubichi inayokaa kooni, lakini kitu kilichopimwa na mtaalamu si cha kudharau. Kila nikinywa mama ananiangalia kama anayengoja nianguke.

Kuku wanapigania mashudu. Yule mweusi ameanza kuzungukazunguka nyuma ya pipa, nadhani anatafuta pa kuatamia.

Mimi nimenenepa, usicheke. Gauni la kijani halifungi tena. Kuna jambo jingine ila si la kuandikwa kwenye barua. Litangoja.

Mkeo,
Kidoti


23 Februari 1986

Kidoti,

Jambo gani hilo lisilo la barua? Chumbani tunalala wanane. Nilifanya kosa la kuwasomea mstari huo. Mpishi wa kantini akasema na yeye aliandikiwa hivyo hivyo na mkewe, na jambo lenyewe likaja kuwa fundi baiskeli. Wamecheka hadi kitanda cha juu kimetikisika, nami nimecheka nao, lakini tangu siku hiyo kila ninachokula hakishuki. Kama ni fundi baiskeli niandikie jina lake tu, mengine nitayamaliza mwenyewe.

Huku zimeletwa mbegu za mti kama wetu kutoka mahali pengine. Zimechora kilima kirefu kama mnazi pale pale ambapo zetu zilichora kichuguu. Bibi Mizani anasema basi mti wetu ni wa pekee, na ameandika hivyo kwenye daftari lake. Alinipongeza kama vile mti nimeuzaa mimi. Sikufurahi kama nilivyopaswa kufurahi. Nimechoka labda.

Endelea na kijiko.

Mumeo,
Mrefu


16 Machi 1986

Mrefu,

Fundi baiskeli! Mwambie mpishi wako aangalie sufuria zake. Nani wa kuhangaika na mimi nilivyo sasa?

Nimeanza na mzaha ili nipate kuyaandika haya mengine.

Nilikuwa nimeweka mayai kwenye kikapu, ya wiki mbili hivi. Jumatatu nikavunja moja nimkaangie mama. Ute wake ulikuwa mwekundu mwekundu, kama maji yaliyooshewa nyama. Nikadhani ni damu, nikalitupa. La pili hivyo hivyo. Nimevunja tisa, Mrefu, yote tisa. Na viini vyake vigumu, ukibonyeza vinarudi kama mpira.

Yule kuku mweusi alikuwa ameatamia kumi na mawili. Siku ishirini na moja zikapita, nikampa tatu za ziada, hakuna kilicholia. Nikayapasua. Mengi hayakuwa yameanza chochote. Mawili yalikuwa na vifaranga walioumbika hadi kucha, wamekufa.

Nilikosea nikamwonyesha jirani yetu mshonaji. Aliangalia bakuli la yale mayai, akaniangalia mimi, akasema polepole, "Dada, umemuudhi nani?" Siku ya pili yake nilikwenda kuazima chumvi, nyumba mbili mlango haukufunguliwa na redio ilikuwa inaimba ndani. Mama yako hajasema neno. Unamjua alivyo, hata jogoo akiwika nje ya saa ana la kusema. Sasa amenyamaza, na huo ukimya wake ndio unaonitisha kuliko mayai.

Nimeyazika nyuma ya choo. Niandikie uniambie si kitu. Nina sababu yangu ya kuogopa mayai yasiyoanguliwa.

Mkeo,
Kidoti


TELEGRAMU
26 MACHI 1986

ACHA MAFUTA LEO HII. KUKU WASIPEWE MASHUDU. MBEGU ULIZONITUMIA ZILIKUWA MBICHI AU ZIMEKAANGWA. JIBU. NITUMIE MBICHI. MREFU


29 Machi 1986

Mrefu,

Usitume tena telegramu. Mtu wa posta alipoonekana na ile karatasi, mshonaji alianza kulia kabla sijaishika. Wengine wakatoka na mitandio vichwani. Mama yako alikaa chini pale pale mlangoni, miguu imenyooka, akasema, "Isome, nijue nimebaki na nani." Niliposoma ACHA MAFUTA mmoja wao akauliza, "Kwa hiyo hajafa?" kama aliyepunjwa.

Sasa nikujibu.

Zilikaangwa. Mama ndiye aliyezikaanga na mimi nilikuwa nakoroga. Alisema mtu wako akiwa safarini humpelekei mbegu mbichi kama kuku, zitaota ukungu njiani, na akizifungua atajua kwao hakuna aliyeinama jikoni kwa ajili yake. Tuliziacha motoni hadi zikaanza kudunda. Hukusema ni za kupimwa, Mrefu. Ulisema "nitumie mbegu za uani." Tulidhani umekumbuka nyumbani.

Na lile jambo lisilo la barua ni hili. Nina mimba. Ulipoondoka ilikuwa ya wiki chache, hata mwenyewe sikuwa najua. Zile mbili za kwanza tulizitangaza mapema tukaja kubaki na nguo za mtoto zisizo na mtoto. Nikasema hii sitaitaja hadi nikusikie mlangoni. Sasa unajua. Imeingia mwezi wa nane.

Kijiko kila asubuhi, wiki tisa. Sikuruka hata siku moja, kwa sababu ulisema wewe.

Mbegu mbichi ziko kwenye kifurushi hiki. Nimezifunga kwa mikono yangu. Niambie ni nini.

Kidoti


18 Aprili 1986

Mke wangu,

Barua yako niliisomea stoo, nimekaa juu ya magunia. Mwezi wa nane. Nilisoma hapo, nikarudi juu, nikasoma tena. Sijui nilikuwa nafurahi au naogopa.

Mbegu zimepimwa. Kwanza kuna kipimo cha haraka: mafuta yanachanganywa na maji fulani yenye kiberiti, ile salfa, yanapashwa moto. Zile za kwanza hazikubadilika rangi. Hizi ulizofunga kwa mikono yako zilianza kama chai hafifu, zikawa za waridi, zikaishia wekundu ule wa kwenye bakuli lako. Halafu mashine. Kilima kirefu, pale pale penye kichuguu. Bibi Mizani aliishika karatasi kwenye mwanga. Alivua miwani akaifuta kwa koti, na miwani haikuwa na uchafu.

Anasema asidi hiyo imo kwenye mbegu za miti michache, na moto mkali huivunja. Ndiyo maana mama na bibi zangu wamekula mafuta hayo maisha yao yote bila neno. Walikuwa wanaiua jikoni bila kuijua. Kuku wakila mbegu hizo mbichi, mayai yao hufanya hayo uliyoyaona. Kwa hiyo mwambie mshonaji hakuna mtu aliyekuroga. Mwambie kwa sauti, wasikie na wale wenye redio.

Nikamwuliza, na mtu? Na mwanamke mwenye mimba? Akasema, "Mrefu, hakuna aliyepima. Kuku si mtu. Siwezi kukwambia ni salama na siwezi kukwambia si salama." 

Dada yake ni mkunga. Amemwuliza kwa ajili yetu. Anasema nenda zahanati mara moja. Pia kila asubuhi, ukishakula, lala ubavu wa kushoto uhesabu mtoto anavyocheza hadi adhuhuri. Akicheza mara kumi au zaidi, vizuri. Akipungua siku kwa siku, usingoje.

Ila Kidoti, kwa nini hukuniandikia tu kwamba zilikaangwa? Neno moja kwenye kifurushi. Neno moja.

Mumeo,
Mrefu


Ijumaa, 2 Mei 1986

Mrefu,

Neno lako moja nimelisoma na nimeliweka. Tutalizungumza siku nyingine.

Zahanati nilikwenda siku ile ile barua ilipofika. Muuguzi aliniwekea tumboni kipembe chake cha kusikilizia, akasikiliza, akasema moyo unapiga. Halafu akasikiliza tena. Kama ulikuwa unapiga, mara ya pili ilikuwa ya nini? Sikumwuliza.

Kuhesabu kulinichanganya, nikifika sita nasahau kama ni sita au saba. Mama yako akaleta kopo la majani ya chai na zile mbegu zilizobaki. Akasema, "Haziliki, basi zifanye kazi." Mtoto akicheza natia mbegu moja. Mama anakaa kwenye kigoda karibu na kitanda na kila inapolia kwenye bati anasema "eeh," kama anayejibiwa swali. Hajanilaumu hata mara moja. Jana nilimwambia mama, sema tu kwamba ulituonya. Akasema, "Nilionya kwa sababu ya ubishi, mwanangu, si kwa sababu nilijua."

Jumamosi, mbegu kumi na mbili.
Jumapili kumi na moja.
Jumatatu kumi na mbili. Siku hiyo tulicheka, kwa kuwa mara ya mwisho alipiga teke hadi kopo lililoegemea tumbo likapinduka.
Jumanne tisa.
Jumatano tisa.
Jana sita.
Leo nne. Nimelala hadi saa nane badala ya saa sita, labda alikuwa amelala. Nne.

Muuguzi amesema kesho ikiwa hivi au chini ya hapo, nitapelekwa hospitali kubwa kwa gari la zahanati. Mtu wa posta anaondoka sasa, kwa hiyo ya kesho sitaweza kukuandikia.

Mshonaji amekuja na chumvi, kilo nzima. Amekaa bila kujua mikono aiweke wapi.

Kidoti


Jumapili, 11 Mei 1986
Miezi minane na siku tisa tangu niondoke

Kidoti wangu,

Barua yako imenifikia jana. Inaishia kwenye nne. Jumamosi yako ilishapita na Jumapili yake, imepita wiki nzima, na mimi huku bado niko Ijumaa. Naosha chupa nikiwa Ijumaa. Jana nilipasua mbili na mnyapara wetu akanifokea, sikumsikia hata alichosema.

Nina jambo la kukwambia na ni bora ulisome kabla hujaniona, ili ukitaka kufunga mlango uwe umeshaamua.

Nilijua.

Siku ile nilipozitwanga zile mbegu za kwanza, pua yangu ilijua. Nilikuandikia mwenyewe kwamba zilinukia kama jiko la mama. Mbegu mbichi hainukii jiko. Bibi Mizani alipokiona kile kichuguu aliniuliza, "Mrefu, hizi zilipita motoni?" Sharti lao ni mbegu mbichi tu, nyingine wanazitupa. Nami nilikuwa nimeshawatangazia wenzangu wote kwamba mti wa kwetu unapimwa leo. Miaka yote nimebeba magunia ya mbegu za watu wengine. Nilitaka mara moja na mimi kalamu ile inichoree changu. Nikasema, "Hapana, mama. Ni mbichi."

Ni neno dogo tu. Yeye aliandika alichoambiwa, nawe ukanywa nilichokuandikia.

Na telegramu ile, nilikuuliza kitu nilichokijua. Nilitaka jibu litoke kwako ili kosa liwe lako. Halafu ukajibu kweli, bila kujificha hata kidogo, nami nikakuandikia "neno moja" kama hakimu. Neno moja lililokosekana lilikuwa langu.

Leo asubuhi, ingawa ni Jumapili, nimemkuta Bibi Mizani maabara nikamweleza. Nilidhani atanifukuza. Alifungua daftari, akapiga mstari juu ya yale maneno "mti wa pekee", akaandika pembeni "mbegu zilikaangwa", akanipa kalamu nitie sahihi. Nikaitia. Kisha akasema, "Bado uko hapa unafanya nini?"

Mnyapara anasema nikitoka getini nisirudi. Nimemkabidhi koti na brashi.

Barua hii nampa dereva wa lori la magunia anayeondoka sasa hivi. Nilimwomba anipakie na mimi, lakini mbele wameshajaa na nyuma polisi hawaruhusu watu. Basi la abiria linaondoka Jumatano tu. Kwa hiyo barua itanitangulia. Telegramu sikutuma, sitaki watu walie tena mlangoni kwako kabla ya wakati. Usinijibu, jibu halitanikuta.

Kama upo nyumbani, endelea kutia mbegu. Kama umepelekwa hospitali, mama aniachie kopo juu ya kizingiti, lenye zile za siku ya mwisho, hata kama ni moja. Hata kama halina kitu aliache hivyo hivyo, asinifiche. Na kama amekwishazaliwa na analia, msinitume mtu njiani kunipa habari. Nataka kumsikia mwenyewe.

Kama hatalia, nitaingia hivyo hivyo. Nitakaa pale utakaponielekeza, hata kama ni nje.

Natarajia kufika Ijumaa, tarehe kumi na sita, kabla jua halijazama.

Mumeo,
Mrefu